Neno Langu la Kiingereza na Bei ya Mwalimu

Jamani, nimeadhirika. Tena mchana kweupe, dukani kwangu mwenyewe, mbele ya magunia yangu mwenyewe.

Wanaonijua wanajua nauza mchele hapa Tunduma, mpakani na Zambia. Mchele wa Kamsamba, ule ukiupika jirani anakumbuka ghafla kuja kukusalimia. Tatizo langu lilikuwa moja tu: wateja kutoka Zambia walikuwa wananipita. Wanasimama mlangoni, wanauliza kwa Kiingereza, mimi natabasamu (tabasamu halijawahi kuuza hata kilo moja), halafu hao, wanaelekea kwa Baba Eliza duka la tatu, anayeongea Kiingereza hata na kuku wake. Mzigo umelala. Mchele mpya uko njiani. Na mume wangu alishasema: "Mama Glori, mzigo huu usipotoka, tunafunga duka, tunarudi Chitete kulima."

Kulima! Mimi na jembe tulishaachana kwa amani, sitaki turudiane.

Nikaamua. Kiingereza chote sikiwezi, kwani nagombea ubunge? Nitachukua neno moja tu, nilishike mpaka liniheshimu. Nikachagua "quality." Nikalisoma kwenye simu wiki nzima. Nikaambiwa lina kazi mbili: ni ubora wa kitu, na tena ni sifa njema ya mtu. Linapenda kutanguliwa na "good" au "high." Likitanguliwa na "poor," funga duka. Nikalisema nikisonga ugali, nikalisema nikifua, mpaka mume wangu akaniuliza kama niko salama. Juzi nikamwita fundi akaniandikia kibao juu ya mlango kwa rangi nyekundu: QUALITY RICE.

Basi leo asubuhi ikasimama gari yenye namba za Zambia. Akashuka mama mtu mzima, mnene, wigi lake limemkaa vizuri, ila miguu imevimba kwa safari hata viatu vinalia. Akakitazama kibao. Akanitazama mimi.

"Good morning, my dear."

Nikajisemea, Mama Glori, siku yako ndiyo hii, ukiogopa leo kalime.

"Good morning, madam! Quality rice! High quality!"

Akatabasamu. Akaingia. (Nyie, aliingia!) Jirani yangu Mama Furaha, muuza maharage, akaacha meza yake akaja kuegemea mlango wangu aone maajabu. Mama Furaha ni Mnamwanga kama mimi. Kukiwa na mteja sisi huwa tunasemezana Kinamwanga, maana wateja wengi hapa hawakijui. Ndiyo faragha yetu.

Yule mama akachota mchele, akaunusa, akatafuna punje mbili tatu. Akauliza jambo refu kwa Kiingereza.

Nikajibu: "Quality!"

Akauliza lingine, refu zaidi.

"Very good quality!"

Akaniangalia kidogo, akaonyesha magunia yote kwa mkono, akasugua vidole vyake. Hiyo lugha naijua! Nikamwandikia bei ya gunia kwenye simu. Bei ya mgeni, iliyonenepa vizuri. Akaguna. Akatikisa kichwa, akajifanya anageuka kuondoka.

Mama Furaha akaingiwa na hofu, akaniambia kwa Kinamwanga: "Mwenzangu, punguza, anakwenda kwa Baba Eliza!"

Nami kwa Kinamwanga, huku nimekenua meno kwa mteja wangu: "Aende wapi na miguu hiyo? Ina ujauzito wa miezi tisa! Mlangoni tu hafiki, atarudi."

Mama Furaha akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikapata kichwa, nikaendelea: "Na akikaza sana, namshushia mpaka bei ile ya mwalimu. Hapo ndipo mwisho wangu, wala hajui."

(Bei ya mwalimu ni hivi: kuna mwalimu mmoja hapa mtaani alinibembeleza siku moja toka asubuhi mpaka njaa ikaniuma, nikamwachia mchele kwa bei ya kutupa ili tu aondoke. Haijawahi kushuka chini ya hapo.)

Yule mama kweli hakutoka. Akasimama palepale, akafuta jasho. Nikaona sasa ni wakati wa ile kazi ya pili ya neno, ya sifa njema ya mtu. Nikaweka mkono kifuani.

"Madam. You have many qualities."

"Thank you, my dear," akasema.

Halafu akajikalisha taratibu juu ya gunia langu, akanyoosha ile miguu yake mbele yangu. Akafungua kinywa. Kikatoka Kinamwanga, tena kile cha ndani kabisa alichokuwa akisema bibi yangu:

"Basi niuzie kwa bei ya mwalimu."

Mungu wangu.

Mama Furaha sikumwona tena. Alirudi kwenye maharage yake kwa kasi ambayo sikujua anayo. Tukabaki mimi na yeye. "Quality" yenyewe iligoma kutoka.

"Ma... mama, kumbe unajua lugha yetu?"

"Yenu? Nimezaliwa nayo, hukohuko Zambia! Nilikuja na Kinamwanga changu mdomoni, nikakuta umetundika Kiingereza juu ya mlango. Nikasema, huyu binti si wa kwetu, ngoja nimsaidie kwa lugha yake." Akanitazama. "Wewe mtoto wa nani?"

Nikataka kudanganya. Nikashindwa. "Wa Simwinga, wa Chitete."

Akapiga kelele. "Simwinga! Mimi ni Namwinga! Baba yako ni kaka yangu!"

Simwinga na Namwinga ni ukoo mmoja, la kwanza jina la wanaume, la pili la wanawake. Mnaojua mila zetu mnajua maana yake. Mwanamke wa ukoo wa baba yako, rika la baba yako, huyo ni shangazi, hata kama mmeonana leo. Na shangazi hasalimiwi kwa "madam" umesimama wima. Nilipiga magoti palepale kwenye chenga za mchele, nikapiga makofi taratibu kama nilivyofundishwa, mlango wazi, wapita njia wanatazama, Baba Eliza naye katoka nje na kikombe chake cha chai!

"Shangazi, naomba unisamehe kwa lile la miguu."

"Ujauzito nimeusamehe," akasema. "Bei siisamehe."

Amechukua mzigo wote. Wote! Kwa bei ya mwalimu, faida nyembamba, lakini duka halifungwi na jembe halinioni ng'o. Akiwa anapanda gari akanishika bega akasema atawaambia ndugu zetu wote wa ng'ambo waje kwangu. Nikashukuru kwa machozi. Akamalizia: "Na wao ni damu yako. Bei iwe hiyohiyo."

Nimefuta mikono, nimekaa, najituliza. Ghafla kivuli mlangoni. Mwalimu! Mama Furaha, na ule mdomo wake, alikuwa ameshatangaza mtaa mzima.

"Mama Glori," akasema, "nasikia bei yangu imevuka mpaka. Sasa mimi mwenyewe unanipunguzia kiasi gani?"

Atakayecheka, kwangu ananunua kwa bei ya mgeni.