Ukurasa wa Posa Unaofunguka kwa Joash Tu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimepata wazo! Jumamosi tunaenda Kehancha kumposa Helen. Desturi hainiruhusu kufungua mdomo. Baba zangu wadogo watatu ndio watakaonisemea. Badala ya kuwapigia simu, nimewatengenezea ukurasa wa mtandao: saa, ramani, mahali pa kukutana. Unafunguka kwa kivinjari cha saiba yangu, duka langu la intaneti hapa Kosele, tu. Kwingine unasema: "Kivinjari chako hakifai. Njoo Saiba ya Joash." Wateja watajaa! Sumeya wa duka la simu ng'ambo ya barabara aone foleni.

Jumatano, 5 Februari
Foleni bado. Sumeya amejaribu kwa simu yake, akacheka. Eti ukurasa huandikwa kwa kanuni ambazo vivinjari vyote vinazijua. Eti gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, la Kosele na la Magunga ni kipimo kimoja, hakuna anayebeba lake sokoni. Wivu! Nimemwambia auze chaja zake.

Ijumaa, 7 Februari
Baba mdogo Omanga amepiga simu kutoka Magunga. Ukurasa unamfukuza, anauliza: kesho ni saa ngapi, na wapi? Ningeweza kumjibu. Nikakaza roho, nikamwambia aje saiba ajionee. Akakata simu. Mtandao wa Magunga ni mbovu.

Jumamosi, 8 Februari
Aibu! Nimengoja stejini, pale pa matatu, hadi saa nne. Hakuna mzee hata mmoja. Nikaenda peke yangu. Mzee Wangwe, babake Helen, alichungulia nyuma yangu akitafuta watu. Akauliza nani atasema. Nikasema mimi. Akaniambia kwa upole nimalize chai nirudi kwetu, maana hawezi kuzungumzia ng'ombe wa mahari na mtoto. Helen hakunisindikiza hata langoni. Nimelia njiani, sifichi.

Jumapili, 9 Februari
Sumeya ameniandikia ukurasa mwingine, bila mbwembwe. Umefunguka kwa simu ya Omanga iliyopasuka kioo. Umefunguka kwa Helen. Hata kwangu! Wazee wote wamejibu: Jumamosi ijayo watakuja. Mzee Wangwe amekubali. Helen ameandika kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nimemshukuru Sumeya kwa moyo wote, kisha nikamwomba nenosiri nirekebishe rangi kidogo.

Jioni
Rangi imependeza. Nimeweka na ramani mpya. Inafunguka kwangu tu, lakini safari hii tangazo lina adabu: "Samahani, kivinjari chako hakifai."