Shujaa Afike Kiangazi cha Thelathini

Jumamosi, 2 Tir

Mwezi wa Tir ndio kwanza umeanza, na joto tayari nyuzi arobaini na moja. Shujaa yuko paani, ananguruma vizuri, mashallah. Ana miaka ishirini na tisa kamili. Hakuna kiyoyozi cha maji mtaa huu, pengine Isfahan nzima, chenye umri huo na bado kina mota yake ya kuzaliwa. Nia yangu ni moja tu: afike kiangazi cha thelathini. Sina tamaa nyingine duniani.

Mke wangu Mahrokh anayo. Anataka kile cheupe cha ukutani, chenye rimoti. Leo ametoa sharti mbele ya binti yetu Golnar. Ijumaa wanakuja kina Haji Ghodrat kuposa. Kijana wao Borzu anamtaka Golnar, na Golnar naye hasemi hapana. Basi, Shujaa akizimika hata dakika moja wageni wakiwa sebuleni, kesho yake anaitwa yule mtu wa pikapu anayepita na kipaza sauti akinunua vyuma chakavu. Akihimili, Mahrokh hatamsema tena maisha.

Nimekubali! Tumepeana mikono. Golnar alicheka mpaka akaweka chai chini. Alizaliwa mwaka ule ule niliomnunua Shujaa, tukawa tunamlaza chini ya tundu lake la upepo. Hana shukrani.

Jumapili, 3 Tir

Nimewaza. Kinachoua mashine ni kazi. Kwa hiyo dawa ni mapumziko. Ratiba: saa moja kazi, saa mbili kupumzika, mpaka Ijumaa. Nimeibandika kwenye friji. Kitufe cha swichi nimekichomoa, kiko mfukoni mwangu.

Saa sita mchana nikasikia ngurumo. Nje ya ratiba! Mahrokh amewasha kwa koleo. Nikamwambia anamuua mzee wa watu. Akaniuliza mashine inapumzika, yeye je, amefanywa mkate wa tanuri? Golnar ameshika upande wa mama yake, kama kawaida. Nimeficha koleo. Wamehamia kwa jirani kunywa chai kwenye ubaridi. Nimebaki peke yangu na ratiba yangu, jasho linanitoka, lakini nina raha ya mshindi.

Jumatatu, 4 Tir

Wazo jipya: kivuli. Jua linampiga Shujaa kichwani kutwa. Nimechukua shuka lenye maua, nikamfunika na kumfunga kamba. Akapendeza kama bibi harusi. Nikashuka kula.

Baada ya robo saa, mlio wa mtu anayekabwa. Nilipanda ngazi mbili mbili. Shuka lote limevutwa, limeziba majani ya pembeni yanayopitisha hewa, na pembe moja imeingia hadi kwenye mkanda. Nilizima kila kitu. Jirani yangu Kiumars alikuwa upande wake wa paa. Watu humwita Mhandisi, ingawa anauza mapazia. Akaniambia kwa upole kwamba hata ngamia ukimpenda humzibi pua.

Shujaa mzima. Shuka si zima. Lilikuwa la harusi yetu, kumbe. Sitaandika aliyosema Mahrokh.

Jumanne, 5 Tir

Beringi inalia. Nyii, nyii, nyii. Grisi imekwisha na sokoni sitoki kwenye joto hili. Nikakumbuka kwenye friji kuna mafuta ya mkia wa kondoo, nusu kilo. Grisi ni mafuta, na haya pia ni mafuta. Nikapaka yote, kwa mkono, kwa mapenzi. Kimya! Beringi kama hariri. Nikajisifu kwa sauti.

Saa tisa jua likayeyusha mafuta. Nyumba nzima inanuka mishikaki. Mapazia, mito, nywele za Golnar. Paani paka wanne, mmoja amelala juu ya Shujaa hataki kuondoka. Saa kumi Mhandisi Kiumars akabisha hodi, ana mkate na fungu la rihani mkononi, anauliza kama wageni wameshafika na kama kuna nafasi ya mtu mmoja.

Mahrokh amekula chakula cha jioni bila kuniangalia.

Alhamisi, 7 Tir

Jana kutwa nimefua. Siki, sabuni, siki tena. Majani ya Shujaa nimeyasugua kama mazulia. Bado mishikaki. Leo nimepata ufumbuzi: marashi ya waridi. Chupa tatu za Kashan, zote kwenye sinia la maji. Pampu ikayapandisha, feni ikayavuta, na nyumba ikajaa harufu ya kupendeza mno.

Mahrokh aliingia kutoka dukani, akasimama mlangoni, akauliza nani kafa.

Kweli, ni harufu ya makaburini siku ya Alhamisi, watu wanapoyaosha makaburi kwa marashi. Lakini mishikaki imeondoka. Inategemea unaangalia upande gani.

Ijumaa, 8 Tir

SIKU YENYEWE.

Walifika saa kumi na moja. Haji Ghodrat, mtu mnene, mwekundu kwa joto la njiani. Mkewe. Borzu na shada la maua kubwa kuliko yeye. Na bibi yake Borzu, ambaye alikaa, akanusa, akainua mikono na kuanza Fatiha. Sote tukainua. Alipomaliza akauliza kwa sauti ya huzuni ni ya nani. Mahrokh akasema ni kwa marehemu wa pande zote mbili, na macho yake yakanitafuta.

Mara tatu nilipanda paani. Nilisema naangalia kama mvua itanyesha. Mwezi wa Tir, katikati ya ukavu! Shujaa alikuwa anakwenda bila kukohoa. Golnar akaleta chai, hakumwaga hata tone. Borzu alimwaga yake yote. Nikaanza kumpenda.

Haji Ghodrat alikuwa chini kabisa ya tundu la upepo. Wekundu ukamtoka. Akafumba macho, akasema hewa hii ni ya peponi, na vitu kama hivi siku hizi havitengenezwi.

Miaka ishirini na tisa nimengoja mtu aseme maneno hayo. Kifua kilijaa. Nikajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa: "Si kitu, Haji. Ni chako."

Akasema Mungu apishe mbali, kinapendeza hapa hapa. Nikasema chukua, naapa. Akasema haiwezekani. Hapo ndipo mwungwana anapoachia. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshika mwendo, nikasema nitaudhika asipokichukua. Maneno ya adabu tu! Kila mtu anajua! Mgeni anakataa mara ya tatu, wote mnacheka, mnakula matunda.

Haji akafungua kinywa akatae. Mahrokh akaweka sahani chini.

"Haji, usimvunje moyo Baba Golnar," akasema. "Akitoa kitu kwa moyo hivi, ukikataa umemfedhehesha mbele ya binti yake."

Nilimwangalia. Alikuwa anamenya tango.

Haji akaweka mkono kifuani. Akasema hawezi kumuudhi mtu ambaye amekuja kumwomba binti. Kuku wake kule shambani Najafabad wanakufa kwa joto, atawafungia wao. Ameguswa sana. Kisha wakamuuliza Golnar, Golnar akasema ndiyo, peremende zikapita, bibi akapiga vigelegele mpaka vikombe vikalia. Nikatokwa na machozi. Wote walidhani ni ya Golnar. Yalikuwa nusu kwa nusu.

Wageni walipoondoka nikamkumbusha Mahrokh kwamba Shujaa hakuzimika hata dakika moja. Sharti nimeshinda mimi. Akakubali kabisa. Akanipongeza.

Jumamosi, 9 Tir

Wanaume wanne wamemshusha kwa kamba hadi kwenye gari la Haji. Nilisimama barabarani nikiwaelekeza, hakuna aliyenisikiliza. Golnar akaja akanishika mkono.

"Baba, Najafabad ni nusu saa tu," akasema.

Nikamwambia namtazama yule anayeshika kamba vibaya. Akasema anajua. Tukasimama hivyo mpaka gari likakata kona. Nitamkumbuka mno msichana huyu. Nimemwambia, kwa mdomo wangu, na sijui nani alishtuka zaidi, mimi au yeye.

Saa nane mafundi wakaleta kile cheupe. Nikaona risiti. Mahrokh alikiagiza Jumatano! Siku mbili kabla ya wageni! Nilipomuuliza, akasema aliniamini.

Ijumaa, 15 Tir

Mpango bora kuliko yote. Tumealikwa shambani kwa Haji. Nitamsifu Shujaa. Haji ni mtu wa adabu, atalazimika kusema "ni chako". Nami nitakubali papo hapo, kabla mtu yeyote hajamenya tango. Nimemwomba Mhandisi Kiumars aje na pikapu yake na kamba.

Jioni. Tulimkuta Shujaa ukutani mwa banda, kuku wamejipanga chini ya tundu kama watu wa msikitini. Haji anamwendesha kutwa kucha bila mapumziko. Na anakwenda! Hakuna nyii nyii. Moyo uliniuma kidogo, halafu nikaanza kazi. Nikasema sijaona banda lenye hewa kama hii.

Haji akatabasamu. "Si kitu, ndugu yangu. Ni chako."

Nikafungua kinywa kusema nimekubali. Nikasikia: Mungu apishe mbali, Haji. Ilitoka yenyewe! Akasema tena nichukue. Nikasema haiwezekani. Akasema ataudhika. Kiumars akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Nami, nikiwa na mkono kifuani, nikakataa mara ya tatu, kwa ufasaha mkubwa. Haji akanikumbatia. Akamwambia Borzu aige adabu za mkwewe.

Tumerudi na pikapu tupu. Hata hivyo kosa nimeshaliona. Nilikataa mara tatu. Ijumaa ijayo nakataa mara mbili tu, ya tatu nachukua. Mpango hauna ufa.

Kiumars amepanda nyumbani kwetu kunywa maji, maskini, amechoka kwa ajili yangu. Akasimama chini ya kile cheupe, akafumba macho, akasema hajawahi kupata ubaridi kama huu. Nikamwambia si kitu, ni chako.

Hakukataa hata mara moja. Ameshuka kuchukua bisibisi.