Mzunguko wa Mzee Suresh

Alhamisi, 8 Agosti 1996
Tangu nipunguzwe kiwandani, kila mtu ananishauri nifungue genge. Genge! Mwanza nzima ni magenge. Mimi nina akili. Nitatembeza watu: asubuhi unaondoka Buzuruga, unapanda vilima, unapita vijijini, jioni unarudi Buzuruga kwa njia nyingine. Mteja wa kwanza tayari, Mzee Suresh wa duka la vitambaa. Wiki ijayo anahamia kwa mwanawe Uingereza, moja kwa moja. Anataka kukiona kwa mara ya mwisho kijiji alichozaliwa, baba yake alipokuwa na duka akinunua pamba.

Odeta, mke wangu, ameuliza ni nani mwenye akili timamu atakayelipia kuchoka. Amesema nikishindwa Jumamosi, Jumatatu nikauze naye dagaa Mkuyuni. Jirani na genge la Revocatus, anayenicheka tangu kiwandani! Sithubutu.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimeijaribu njia. Balaa! Kaya ya kwanza nimesalimu, nikaketishwa, nikaulizwa ukoo mpaka babu wa babu, nikaletewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Kaya ya pili vivyo hivyo. Jua limezama niko kilima cha kwanza, tumbo limejaa.

Ila michembe ile! Ladha ya jikoni kwa marehemu mama. Nimekula machozi yakinilenga. Lakini biashara ni biashara. Kesho hatusalimu mtu. Tutainama nyuma ya ua wa minyaa, tupite kimya.

Jumamosi, 10 Agosti
Juu kilimani tulisimama. Ziwa lote chini, mawe yale yale ya utotoni. Mzee Suresh akavua kofia. Nikakumbuka king'ora cha kiwanda, harufu ya pamba mpya, sisi vijana tukitoka zamu tunaimba. Nayatamani sana yale. Basi, nikamwinamisha mzee nyuma ya minyaa.

Filimbi! Mayowe! Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatuzingira na mishale. Wanaonyemelea kaya bila salamu ni nani kama si wezi wa ng'ombe? Mhoja, kamanda wao, alitaka kujua tulilenga zizi la nani. Nikasema sisi ni wataalamu wa minyaa kutoka wizarani. Akaagiza kamba.

Ndipo Mzee Suresh akaamkia kwa Kisukuma kizito kuliko changu, akataja jina la baba yake. Bibi mmoja, Ng'washi, akapenya akaja kumshika uso. Akasema ndiye, mtoto wa dukani waliyekuwa wakiiba naye sukari guru! Wakalia wote wawili. Nami nikalia, kidogo.

Kisha michembe. Nikamkumbusha mzee kwamba mzunguko bado nusu. Akiwa ameketi juu ya msingi wa duka la baba yake, akanijibu kwa upole kwamba yeye amefika, nimalizie mwenyewe. Nimemalizia, mbio. Odeta akauliza mteja yuko wapi.

Jumapili, 11 Agosti
Mzee Suresh karudi amepakiwa kwenye baiskeli ya Mhoja, kakumbatia jogoo, anacheka. Uingereza haendi tena mwaka huu. Amenishukuru sana. Kijijini atakwenda kila Jumamosi, na kuongozwa hahitaji.

Odeta keshaweka beseni la dagaa mlangoni. Revocatus kapita hapa mara kadhaa bila shughuli yoyote.

Nimeketi nikatafuta kosa langu. Nimelipata! Mchana watu wanaona mno. Mteja ajaye nitampitisha nyuma ya minyaa usiku.