Mbio Zangu na Ndoo ya Bibi Albina

Jumatatu, 3 Februari
Mwaka wa mwisho wa sekondari, na chuo sina. Nisipopata msaada wa ada nitaishia kwa Mjomba Milo, kulisha batamzinga elfu nne. Elfu nne! Wananijua na hawanipendi. Wakati huohuo jirani yangu Curtis Dahlgren kapewa ufadhili wote kwa kutupa tufe tu. Leo kaniuliza mbele ya watu kama batamzinga nao nitawafundisha mbio. Mshenzi. Mimi mkimbiaji wa maili moja! Mashindano ya mwisho nilikuwa wa sita kati ya saba, na wa saba hakumaliza.

Alhamisi, 6 Februari
Mpango! Makocha wa vyuo hutaka video. Dada yangu Tessie kanirekodi nikikimbia nyuma ya nyumba, kisha nikaongeza mwendo wa video kwenye kompyuta. Kidogo tu. Mara tatu. Nimewatumia makocha arobaini.
Mama kanidaka jikoni. Fomu ya serikali ya msaada wa ada inangoja saini yangu tangu Krismasi. Nikamwambia nyota hawajazi fomu. Akasema, “Vizuri, na nyota hawali chakula changu.” Nimetia saini.

Jumatano, 12 Februari
Jibu moja! Kocha Ruud wa Chuo cha Tallgrass, kachuo kadogo, saa mbili kutoka hapa. Anasema ofisi nzima imeitazama video. Anauliza yule bibi anayepita nyuma yangu na ndoo ya kuku ni nani, maana mwendo ule hajauona maishani.
Ni bibi yangu, Albina! Miaka sabini na tisa, nyonga ya chuma! Nimeona aibu hadi masikio yakawaka. Bibi alipoambiwa kauliza kocha anatoa ufadhili kiasi gani.
Kocha anasema chuo chao hakimlipii mwanamichezo yeyote ada, ila nikikubaliwa, niende nikimbie nao. Anasema amecheka wiki nzima. Nimetuma maombi usiku huuhuu.

Ijumaa, 28 Machi
Bahasha nene kutoka Tallgrass! Nimekubaliwa, na msaada umefunika karibu ada yote! Mama kalia. Baba kazima trekta akaja mbio, jambo ambalo hakulifanya hata siku niliyozaliwa. Barua inasema msaada ni kwa ajili ya alama zangu za darasani na kipato cha nyumbani, kama kilivyo kwenye fomu. Nimeisoma mara tatu. Sasa nimeelewa: wanaficha, wapinzani wasijue wamempata nani.

Jumatatu, 31 Machi
Sherehe ya kutangaza vyuo, ukumbini. Unakaa mezani, kofia tatu mbele yako, unavaa ya chuo chako, watu wanashangilia. Zangu zilikuwa za vyuo vikubwa, nilizinunua Januari. Ya Tallgrass sina! Curtis akaanza kucheka.
Bibi akapanda jukwaani na ndoo yake. Akatoa kofia anayovaa Mjomba Milo akilisha batamzinga, kaidarizi jina la Tallgrass kwa uzi mwekundu. Nikaivaa. Ukumbi mzima ukasimama! Hata Curtis kapiga makofi, kisha akaniambia, “Safi sana, bwana mbio.” Sijawahi kufurahi hivi.
Nimegundua Tallgrass wana timu ya kuogelea. Sijui kuogelea, lakini video ni video, na bwawani hakuna mtu wa kupita nyuma na ndoo. Tunarekodi kesho. Bibi anatafuta nguo ya kuogelea.