Kaburu wa Gesti ya Mwanaasha

Jumatatu, 9 Agosti 1976

Mzungu ameshuka kwenye treni jana, kalala gesti ya Bi Mwanaasha. Gesti hiyo imo ndani ya nyumba zangu kumi! Balozi ni mimi, Shaban, lakini habari nimezipata kwa mke wangu Zaitun, naye kazipata bombani. Aibu gani hii!

Nimekwenda kumhoji. Bwana Stappers, Mbelgiji, mzee, viatu vimeisha soli. Kazi? Anatunga mashairi na michezo ya kuigiza. Nikamwuliza kazi yake hasa. Akarudia hiyo hiyo! Eti anasubiri kibali cha kwenda Lusaka. Mtu mzima atoke Dar mpaka mpakani kwa ajili ya mashairi? Hanidanganyi.

Na Jumamosi Katibu wa TANU wa wilaya anakuja kutoka Vwawa kumteua katibu wa tawi. Tuko wawili tu: mimi na Ezron Mbonile, balozi wa ng'ambo ya barabara, bingwa wa kujipendekeza. Nikimnasa jasusi kabla ya hapo, Ezron kwisha kazi.

Jumanne, 10 Agosti

Nimemchukua Amoni, fundi baiskeli, mtu wa Isongole. Kabla ya Uhuru alichimba dhahabu Johanesbagi, Kikaburu kinamkaa masikioni. Tumejibanza nyuma ya ua wa matete, chini ya dirisha. Mzungu yuko peke yake ndani, anasema kwa sauti. Mara anabembeleza, mara anafoka. Anajijibu mwenyewe!

Amoni kanisogelea. Kaninong'oneza kwamba hicho ni Kikaburu, au ndugu yake wa tumbo moja. Sikutaka zaidi! Ghafla Mzungu akatoa amri kali, na Amoni, masikini, akasimama wima, mikono ubavuni, kichwa juu ya ua. Nimemvuta suruali, wapi! Mzungu akachungulia, akatukaribisha chai.

Chai nimekunywa. Kukataa kungemtia wasiwasi.

Akasema lugha yake ni Kiflemi, jirani ya Kikaburu. Zamani waigizaji wa Makaburu waliuchukua mchezo wake wakaucheza Afrika Kusini, naye akaenda kuutazama. Amekiri kwa kinywa chake! Akaendelea na habari ndefu: ukumbini weupe watupu, weusi wanafagia nje, yeye akapanda jukwaani akausimamisha mchezo, akafukuzwa nchini. Hapo sikumsikiliza sana. Langu nilishalipata.

Kilichoniudhi ni Amoni. Mzungu alimwomba radhi kwa ile amri, na mtu mzima akalia. Njiani kaniambia kule migodini hakuna aliyewahi kumwomba radhi. Nikamwambia ndivyo majasusi wanavyofanya kazi.

Alhamisi, 12 Agosti

Mambo yameiva! Ezron kamtembelea Mzungu. Wanauandaa ule mchezo kwa Kiswahili, uchezwe mbele ya Katibu. Habari za mchimbaji na bwana wake Kaburu. Mzungu atakuwa bwana, Amoni mchimbaji. Ezron na jasusi wanakula sahani moja! Nimefurahi mpaka ugali umenishinda.

Polisi siwaambii ng'o. Watajitwalia sifa. Nitamfichua mwenyewe, hadharani.

Zaitun anasema nitajiaibisha. Anasema mtu aliyefukuzwa na Makaburu atakuwaje mtu wao? Mwanamke huyu kapewa nini na Ezron? Nitachunguza.

Jumamosi, 14 Agosti

Uwanja wa shule ulifurika. Wakulima, madereva wa malori, hata Wazambia kutoka Nakonde. Katibu mbele, Ezron ubavuni kwake, anamfutia kiti. Ptuu!

Mzungu katoka na kofia na fimbo. Akamfokea Amoni aliyekaa chini: simama! Amoni hakusimama. Akafokewa tena. Amoni akamtazama tu, jasho likimtiririka. Wallahi, hata mimi nilisahau kidogo nilichokuja kufanya.

Nikajikaza. Nikaruka jukwaani, nikamkwida Mzungu kola, nikapiga kelele kwamba huyu ni Kaburu halisi, mkamateni!

Vigelegele! Miluzi! Wote wakadhani ni sehemu ya mchezo. Katibu kacheka mpaka kafuta machozi. Akasema hajaona mchekeshaji wa namna yangu mkoa mzima. Papo hapo akamtangaza Ezron katibu wa tawi, kwa kuandaa mchezo wa ukombozi. Ezron akanishukuru mbele za watu. Mnafiki mkubwa!

Amoni hanisemeshi. Kamwambia Zaitun kwamba alisubiri nusu ya maisha yake kuikataa amri ile, na alikuwa bado hajamaliza kukaa nilipomkatiza. Sasa kukaa chini nako kuna kumaliza? Jasusi kamharibu kabisa.

Jumatatu, 16 Agosti

Mzungu kapata kibali chake, kavuka kwenda Zambia. Amoni kambebea sanduku hadi kwenye geti la mpaka. Waende zao!

Leo angalau nimepata mgeni wa maana. Mzungu mwingine, kijana, nadhifu, shati limepigwa pasi. Kaja kwangu kwanza kabla ya kutafuta chumba! Kaniita Mheshimiwa. Hana habari na michezo ya kuigiza, anapenda madaraja tu, anayapiga picha. Kaniuliza kwa adabu malori ya wapigania uhuru hupita siku gani na hulala wapi. Anayeuliza waziwazi hivyo ana nini cha kuficha? Nimemweleza yote. Ezron alitaka kumhoji, nimemtimua mlangoni.

Kesho asubuhi nampeleka mwenyewe akalione daraja la reli.