Nguruwe Wangu na Kiti cha Mzee wa Kanisa

Jumatatu, 2 Desemba 1963
Ahsante Mungu kwa akili. Bwana shamba alitufundisha kule Msambweni kwamba makapi yakichachuka humnenepesha nguruwe. Wanunuzi wa korosho huchukua korosho tu, mabibo, yale matunda yenyewe, yanaozea chini ya miti. Bure! Nimeyaponda, nimetia pumba na molasi ya kiwanda cha sukari, mitungi mitatu. Bwana shamba alisema tufunike tungoje. Mimi nimeongeza machicha ya tembo la mnazi kutoka kwa mgema Dzombo. Yaharakishe! Jumapili tunachagua mzee wa kanisa, mimi Menza au jirani yangu Fondo. Jumamosi Mchungaji Ngala atazikagua nyumba zetu. Mbuzi wa Fondo ni mbavu tupu. Aje aone nguruwe!

Jumatano, 4 Desemba
Yanachemka bila moto. Mke wangu Kahaso ameniambia, Baba Mapenzi, hiyo ni pombe. Nikamjibu pombe ni ya watu, hiki ni chakula cha mnyama. Akauliza kama mitungi inajua hivyo. Nimeonja kidogo, kwa niaba ya nguruwe. Kitamu.

Ijumaa, 6 Desemba
Mzee Rai wa hapa kijijini amekuja na wenzake wawili, kila mtu na mrija wake. Nikawaamkia shikamoo. Wakasema wameitwa na harufu. Nikaeleza ni chakula cha nguruwe. Mzee Rai akasema yeye hana makuu, atakula naye. Wakawamwagia koma, mizimu ya wazee wao, kidogo chini. Mimi Mkristo nikatazama mnazi. Mtungi mmoja kwisha.

Jumamosi, 7 Desemba
Nguruwe kamaliza mtungi wa pili. Kayumba, kaketi kama mtu, kalala miguu juu. Hapo hapo Mchungaji! Na kina Mzee Rai uani, mirija ndani ya mtungi wa tatu, wakimwita apite, kwa Menza hakuna ubaguzi. Nikaanza kueleza habari za makapi. Ulimi mzito. Nilikuwa nimeonja tena asubuhi. Mchungaji akauliza kama mnyama amekufa. Mnyama akakoroma. Chai hakuinywa.

Jumapili, 8 Desemba
Fondo. Kura zote, hata ya Kahaso. Mke wangu amesema aliomba kwanza, akajibiwa upesi.
Nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Ni molasi. Ilipungua. Alhamisi ni Uhuru, Mchungaji atapita tena kuwaombea wanakijiji. Kesho naponda mabibo mapya, na machicha ya Dzombo mara mbili.
Nitaonja mwenyewe. Nguruwe hana kipimo.