Pipi ya Kuzima Moto wa Jicho

Kweyu aliiona riziki yake siku aliyompeleka mjomba wake kuchomwa sindano ya jicho, kwenye kliniki moja ya macho kule Pipeline. Mjomba alikuwa na sukari, na sukari ikishachoka na miguu hupanda machoni. Watu wengine wakipeleka mgonjwa husali. Kweyu alichungulia.

Akaona hivi. Sista Amondi alitia matone ya kwanza, meupe kama maji; hayo ya ganzi. Akangoja kidogo, ndipo akatia yale ya kahawia, ya kuua vijidudu ili sindano isiviingize ndani ya jicho. Daktari akachoma, akamaliza, na mjomba akauliza wataanza saa ngapi.

Sasa, nje kwenye benchi hakuna aliyeijua ganzi. Matone ni matone. Kilichojulikana, kuanzia Pipeline hadi Mukuru kwa Njenga, ni kwamba dawa ya kahawia inawaka kama pilipili, na aliyeapa hivyo alikuwa jirani ya shemeji ya mtu. Wagonjwa walifika getini wakakumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria jikoni.

"Mzee wangu," Kweyu alimwambia wa kwanza, "weka hii pipi chini ya ulimi kabla hujaingia. Usitafune! Ukitafuna, shauri yako. Ile ya kahawia hutaisikia."

Na hakuisikia. Angeisikiaje? Walitoka wamefunikwa jicho moja, wakimsifu Kweyu kwa lile lingine. Pipi ya mnanaa, ile unayopewa dukani chenji ikikosekana, ikauzwa bei ya sahani nzima ya chapo madondo. Kweyu alijihesabu mfadhili wa umma. Serikali ingempa medali, kama isingekuwa na shughuli ya kumtumia kanjo. Askari hao wa jiji walimfukuza getini kila walipojisikia, naye akabaki kutamani kitu kimoja tu duniani: kile kibanda cha bluu kando ya geti, kilichofungwa kufuli bure.

Kilikuwa cha Habibo, muuza jumla wa Eastleigh, naye Habibo akaja mwenyewe, ameshikwa mkono na bintiye Sirad. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Alishafika hapo akageuka kurudi nyumbani zaidi ya mara moja.

"Ati wewe ndiye wa pipi?"

"Ndimi, Mama Sirad. Bei yake..."

"Bei sijakuuliza. Nikila pipi yako na dawa isiniwashe, ufunguo wa kibanda ni wako, uuze ndani kama mtu. Ikiniwasha, katoni yako ya pipi ni yangu, na hapa getini nisikuone tena."

Sirad akamnong'oneza mamake kwa Kisomali, akimtupia Kweyu jicho baya. Mama akacheka tu.

Kweyu nusura apige magoti. Dau la kushinda kabla ya kucheza! Akaita benchi zima liwe shahidi. Wakapeana mikono mbele ya watu, na kwa wafanyabiashara wa Eastleigh mkono ukishapeanwa, karatasi ni ya nini? Habibo akatia pipi chini ya ulimi, akaingia.

Nje, Kweyu alishaanza kukipima kibanda kwa macho. Rafu hapa. Kiti pale. Kanjo apite, amsalimie.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Imewaka!" Habibo alilia, mkono juu ya kifuniko cha jicho. "Moto! Kama mtu amenimwagia pilipili ya basbasi! Pipi yake ni feki!"

Benchi zima likamgeukia Kweyu.

"Haiwezi kuwaka," alisema Kweyu.

"Jicho ni lako ama ni langu?"

Hapo akaliona shimo, naye yuko ndani. Nani ataingia kwenye jicho la mwenzake akague limeungua kiasi gani? Yeye mwenyewe alikuwa anakula kutokana na swali hilo. Akinyamaza, katoni imeenda, geti limeenda, kibanda kimeenda. Kilichobaki mfukoni ni ukweli, kitu ambacho hakuwa amewahi kukijaribu sokoni.

"Haiwezi kuwaka kwa sababu ya ganzi!" akapaza sauti. "Sista hutia ganzi kwanza! Pipi haina kazi yoyote! Ni pipi tu!"

Walicheka mpaka mzee Oketch, aliyekuja kuchomwa jicho la pili, akashikilia benchi asianguke.

"Ameshikwa na feki, sasa anasingizia ganzi!"

"Mimi niliila wiki jana, sikusikia kitu," akasema mama mmoja. "Ile ilikuwa original. Ameanza kuchanganya huyu."

"Sista!" Kweyu alilia. "Waambie!"

Sista Amondi akatoa kichwa mlangoni. "Kila siku nawaambia. Nani husikia? Anayefuata!"

"Na original iko wapi?" mzee Oketch akauliza.

"Kwangu," alisema Habibo, na machozi yakamkauka papo hapo. "Katoni kwa katoni. Sirad, fungua kibanda."

Laini ikajipanga yenyewe. Habibo akamwinamia Kweyu, akiipokonya katoni kutoka kwapani mwake.

"Sikusikia hata kidogo," akamnong'oneza. "Huyo sista ana mkono mwepesi. Mwezi ujao narudi."

Kweyu akafungua mdomo ili awaite mashahidi. Mzee Oketch akamsukuma kwa kiwiko.

"Songa kando, kijana. Sisi hapa tunatafuta dawa."